Crosley: Kigari kilichofia dukani, kikafufukia uwanjani

Siku ya mwisho ya mwaka 1950, uwanja wa ndege wa Hendricks mjini Sebring, Florida, uliotumika kufunzia marubani wa ndege za mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, uligeuzwa kuwa uwanja wa mbio za magari. Mashindano yalikuwa ya muda wa saa sita. Yalianza alasiri, yakamalizika giza limekwisha kuingia. Yalipewa jina la Sam Collier, dereva aliyefariki Septemba ya mwaka huohuo katika mbio za Watkins Glen, New York. Mstarini kulikuwa na Ferrari, Jaguar, Aston Martin, na Allard lililofungwa injini ya Cadillac ya silinda nane. Katikati ya vigogo hao kilisimama kigari kisicho na milango, chenye ringi za inchi 12 na injini ya cc 724. Kiliitwa Crosley Hotshot.

Hakikuletwa kushindana. Mwenyewe, Vic Sharpe wa Tampa, alikuja nacho Sebring akikiendesha barabarani. Mmoja wa madereva waliokuwapo, Tommy Cole, alipokiona alizikumbuka kanuni za siku hiyo, akapiga hesabu. Kila gari lilikuwa limepangiwa umbali wake kulingana na ukubwa wa injini, na ushindi ungekwenda kwa atakayekivuka kiwango chake kwa uwiano mkubwa kuliko wenzake. Injini ndogo ilipangiwa umbali mdogo. Kama kigari kile kingeweza tu kukimbia bila kusimama hadi kipenga cha mwisho, kilikuwa na nafasi.

Kioo cha mbele kikavuliwa pamoja na vikorokoro visivyohitajika, na Fritz Koster na Ralph Deshon wakapokezana usukani. Allard ya Fred Wacker na Frank Burrell ndiyo iliyokwenda umbali mrefu kuliko magari yote usiku ule. Kombe likaenda kwa Crosley.

Tangu siku hiyo wapenzi wa magari wamekuwa wakikisimulia kisa hiki kwa kicheko, kana kwamba kigari kiliitimulia Ferrari vumbi. Ukweli ni kwamba Ferrari ilikipita mara nyingi tu. Ushindi uliletwa na kanuni, na kanuni ndizo zilizokuja kukipa kigari hicho maisha ya pili baada ya wanunuzi kukikataa na kiwanda chake kufungwa.

Tajiri wa redio na ndoto ya gari

Powel Crosley alizaliwa mwaka 1886 huko Cincinnati, Ohio. Mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka 20 na ushei, alijaribu kuunda gari aliloliita Marathon Six, mtaji ukamwishia. Aliendelea na biashara nyingine hadi mwaka 1921, mwanawe alipomwomba redio. Akaenda dukani, akaambiwa bei inayozidi dola 100. Badala ya kununua redio alinunua kijitabu cha maelekezo kwa senti 25, akaunda yake mwenyewe. Kisha akaanza kuwaundia wengine kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida angeimudu, na katika muda wa miaka michache kampuni yake ikawa kubwa kuliko zote duniani katika utengenezaji wa redio.

Kila alichokigusa kilifuata njia hiyo: kitu kilekile wanachonunua matajiri, kilichorahisishwa hadi bei ishuke. Jokofu lake la Shelvador liliuzika kwa wazo dogo la kuweka rafu mlangoni. Kituo chake cha redio cha WLW kilirusha matangazo kwa nguvu ya wati 500,000 kuanzia mwaka 1934, kikasikika karibu nchi nzima. Timu yake ya besiboli, Cincinnati Reds, ilicheza mechi ya kwanza ya usiku katika ligi kuu ya Marekani mwaka 1935, chini ya taa za umeme. Lakini moyo wake ulikuwa bado kwenye magari.

Aprili 1939, kwenye uwanja wa mbio wa Indianapolis, alilitambulisha gari lake. Lilikuwa na upana wa mita 1.2 hivi, ili liweze kupita kwenye mlango wa duka na kuuzwa humo pamoja na majokofu na redio. Injini yake ilikuwa ya silinda mbili, iliyopozwa kwa upepo, na bei yake ilikuwa kama nusu ya bei ya Ford mpya. Duka kubwa la Macy's la New York lilikuwa miongoni mwa waliolipokea. Mauzo yalikuwa ya kusuasua, kisha vita vikaja na viwanda vyote vikahamia kwenye kazi za jeshi.

Injini ya bati na shaba

Ni kazi za jeshi zilizompa Crosley kitu alichokuwa amekikosa. Jeshi la Majini la Marekani lilihitaji injini nyepesi ya kuendeshea majenereta na mitambo ya kupoozea. Kule California, fundi mbunifu aitwaye Lloyd Taylor alikuwa na wazo la ajabu. Badala ya kusubu bloku kwa chuma kizito, yeye alikunja na kukata vipande vya bati la chuma, akavishikiza pamoja, akapaka shaba kwenye maungio, kisha akaiingiza bloku nzima katika tanuri hadi shaba iyeyuke na kuunganisha kila kitu. Injini kamili ikiwa na vifaa vyake ilikuwa na uzito wa kilo 60 hivi. Watu wawili waliweza kuibeba bila winchi.

Kwa msomaji wetu, ukubwa wake ni rahisi kuupima: cc 724 ni zaidi kidogo tu ya injini ya kirikuu, ile Suzuki Carry inayobeba matofali na magunia ya vitunguu mitaani kwetu. Lakini ndani ya injini hiyo kulikuwa na mambo ambayo magari ya bei mbaya ya Marekani hayakuwa nayo.

Kwanza, kamshafti ilikaa juu ya silinda na kuzisukuma valvu moja kwa moja, wakati Ford ya wakati huo ilikuwa bado na valvu zilizokaa ubavuni mwa bloku na Chevrolet ikitumia fito za kusukumia. Pili, krenki ilishikwa na beringi kuu tano, idadi ambayo injini nyingi za silinda nne za enzi ile hazikuifikia. Tatu, kipenyo cha silinda kilikuwa kikubwa kuliko mwendo wa pistoni: milimita 63.5 kwa 57. Pistoni isiyosafiri mbali inaweza kupanda na kushuka upesi bila kujiumiza. Kiwandani injini ilitoa nguvu za farasi 26.5 kwa mizunguko 5,400 kwa dakika, kasi ya mzunguko ambayo ingezitawanya injini nyingi za magari ya familia.

Na jambo la nne ndilo ambalo mafundi wa mbio walikuja kulipenda kuliko yote. Hedi na bloku vilikuwa kitu kimoja, kwa hiyo hapakuwa na gasketi ya hedi. Fundi yeyote wa gereji anajua injini inayolazimishwa kufanya kazi kuliko uwezo wake huanzia kufia wapi: gasketi huungua, maji yakaingia kwenye mafuta. Ugonjwa huo kwenye Crosley haukuwezekana, maana kiungo chenyewe hakikuwapo.

Vita vilipokwisha, Powel Crosley aliiweka injini hii kwenye gari jipya lililoundwa Marion, Indiana. Nchi ilikuwa na njaa ya magari baada ya miaka kadhaa ya viwanda kutounda hata moja la kiraia. Mwaka 1948 Crosley aliuza magari yapatayo 25,000.

Kutu, chumvi na soko

Kisha matatizo yakaanza kujitokeza. Shaba na chuma vikikaa pamoja ndani ya maji huzalisha umeme mdogo, na umeme huo hula chuma taratibu. Jeshini injini zilihudumiwa kwa ratiba. Mikononi mwa raia zilijazwa maji yoyote na kusahauliwa, na baada ya muda kuta nyembamba za silinda zikatoboka. Mwaka 1949 kampuni iliiacha bloku ya bati ikaingiza ya chuma cha kusubu, umbo lilelile, imara zaidi, nzito kidogo. Jina lilikuwa limekwisha kuchafuka.

Mwaka huohuo Crosley alifanya mambo mawili ya kijasiri. Aliweka breki za diski kwenye magurudumu yote manne, miaka mingi kabla ya kampuni kubwa za Marekani kufikiria jambo hilo. Na katikati ya mwaka akatoa Hotshot, gari la michezo la watu wawili, kwa dola 849. Halikuwa na milango wala buti la kufungua, taa zilitokeza juu ya boneti, na uzito wake wote ulikuwa kama kilo 500.

Breki zile zilikuwa nzuri ajabu barabara ikiwa kavu. Lakini majimbo ya kaskazini humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi ikazila hadi zikagoma kuachia. Kampuni ikarudi kwenye breki za dramu. Mauzo ya 1949 yalikuwa yameporomoka hadi zaidi kidogo ya magari 7,000.

Kutu ilichangia, lakini kilichoua biashara ni hesabu ya mnunuzi. Kufikia wakati huo viwanda vya Detroit vilikuwa vimerudi kazini kwa nguvu zote. Mtu mwenye dola 800 au 900 mkononi angeweza kununua Crosley mpya au Chevrolet iliyotumika miaka miwili, yenye nafasi ya watoto, mizigo na bibi. Petroli ilikuwa rahisi. Barabara zilikuwa pana. Mmarekani hakuona kwa nini ajibane. Julai 1952 kiwanda cha Marion kikasimama, na kampuni ikauzwa kwa General Tire.

Kufa kufaana

Wahenga walisema kufa kufaana. Ndani ya miaka michache, yadi za chuma chakavu za Marekani zilikuwa zimejaa Crosley zilizooza bodi huku injini ikiwa bado nzima. Hakuna aliyezitaka. Bei ya injini nzima ilishuka hadi kijana mwenye mshahara wa karani aliweza kuinunua, na ikiharibika, kununua nyingine.

Wakati huohuo, klabu ya mbio za magari ya michezo ya SCCA, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilikuwa ikigawa washindani katika madaraja kwa ukubwa wa injini. Mojawapo ya madaraja ya chini, H, lilikuwa la injini zisizozidi cc 750. Crosley, kwa cc zake 724, ilikaa karibu na dari ya daraja hilo, na kwa kuchonga silinda kidogo ilifika pale pale panapotakiwa. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950, ukienda kutazama daraja la H lililofanyiwa marekebisho, sauti uliyoisikia mstarini ilikuwa ya Crosley karibu tupu.

Magari yenyewe mara nyingi hayakuwa Crosley kwa sura. Mtu alitengeneza chasi ya mabomba nyuma ya nyumba yake, akachukua injini, giaboksi na ekseli kutoka yadini, akavifunika kwa bodi ya alumini aliyoigonga mwenyewe. Baadaye zikaja bodi za faibaglasi za kununua, kama za Jabro kutoka St. Louis, na kazi ikawa nyepesi zaidi. Walioshinda walikuwa mara nyingi ni walewale walioshika spana wiki nzima.

Kuiamsha injini ile kulikuwa na utaratibu wake. Kwa kuwa hedi haitoki, huwezi kuikwangua ili kuongeza mgandamizo, kwa hiyo walifunga pistoni zenye vichwa virefu. Kuzifikia valvu kulikuwa kazi ya uvumilivu: unanyanyua bloku yote kutoka kwenye kasha la krenki la alumini, unaingiza mkono kwa chini kupitia kwenye silinda. Kamshafti ilichongwa upya ili valvu zifunguke zaidi na kwa muda mrefu. Kabureta moja ya kiwandani iling'olewa, zikafungwa mbili, au hata nne za pikipiki, kila silinda na yake. Kule Los Angeles, karakana ya Braje ilitengeneza na kuuza vifaa hivi vyote kwa ajili ya Crosley, ukiagiza vinakufikia kwa posta. Injini iliyoandaliwa vizuri ilitoa zaidi ya mara mbili ya nguvu iliyotoka nayo kiwandani.

Udhaifu ulibaki kwenye giaboksi. Ilikuwa na gia tatu tu, tena zisizosawazisha mwendo zenyewe, hivyo dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili na kuusikiliza mlio ndipo apachike gia. Asiyejua alisaga meno. Ndiyo maana wengi waliokuja kuwa madereva makini walisema daraja la H liliwafundisha kutokanyaga breki bila sababu: ukiupoteza mwendo katika gari la cc 750, kuurudisha ni shughuli.

Sifa zilivuka bahari. Huko Forlì, Italia, Ilario Bandini alichukua injini ya Crosley, akaibunia hedi yake yenye kamshafti mbili, akaifunga kwenye vigari vyembamba vilivyochongoka mfano wa torpedo. Vigari hivyo vikarudi Marekani na kushinda ubingwa wa daraja la H wa SCCA mwaka 1955 na 1957. Siata na Nardi za Turin nazo ziliiweka Crosley kwenye baadhi ya magari yao. Kwa hiyo injini iliyobuniwa kuendesha majenereta ya meli, ikauzwa kwenye maduka ya majokofu, iliishia kupigwa msasa na mafundi wa Kiitalia.

Si kila safari iliishia kwa kombe. Mwaka 1951 Phil Stiles na George Schrafft walipeleka Crosley yenye bodi maalumu kwenye saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Injini iliendelea kuzunguka kwa uaminifu, mfumo wa umeme ukawaangusha, wakatoka mapema.

Majini, kwenye vumbi na kwenye robo maili

Wakati watu wa SCCA wakishindana kwenye viwanja vya ndege vilivyoachwa na jeshi, wengine waliipeleka injini ileile kwingineko. Boti za mbio zinazoruka juu ya maji, za daraja la inchi za ujazo 48, ziliendeshwa kwa Crosley. Vigari vidogo vya mbio za duara, vile vinavyoitwa robo tatu ya midgeti, vilivyokimbizwa hata ndani ya kumbi wakati wa baridi, navyo vilianza maisha na Crosley pamoja na injini za pikipiki. Kampuni ya Fageol iliisimamisha wima na kuifanya injini ya kufungwa nyuma ya boti, na uzao wake, ukipita mikononi mwa kampuni moja hadi nyingine, uliendelea kuuzwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kisha kuna wale waliofanya kinyume kabisa: walitupa injini, wakachukua bodi. Katika mbio za mstari mnyoofu wa robo maili, mita 402, kila kilo unayoiondoa ni ushindi. Bodi ya Crosley ilikuwa ndogo na nyepesi kuliko karibu kila bodi ya chuma iliyotengenezwa Marekani. Vijana wakaingiza humo injini za V8 zilizokuwa na uzito unaokaribia nusu ya gari zima la awali. Dereva alikaa karibu na ekseli ya nyuma, magoti yakigusa injini, na gari likinyanyua magurudumu ya mbele kila taa inapowaka. Kwa sababu umbali kati ya magurudumu ulikuwa mfupi mno, kulinyoosha lilipoyumba ilikuwa kazi ya wenye roho ngumu, na waandaaji katika baadhi ya madaraja waliweka urefu wa chini unaoruhusiwa ili kuwazuia.

Kanuni inavyomtengeneza bingwa

Enzi ya Crosley katika daraja la H haikudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zilifika OSCA za Italia, zenye injini ya cc 750 iliyobuniwa kwa ajili ya mbio tangu mchoro wa kwanza. Zilikuwa bora, na zilikuwa ghali. Aliyekuwa akitegemea yadi ya chuma chakavu akajikuta anashindana na mwenye akaunti nono ya benki. Daraja lilibaki na jina lake, ila mchezo wenyewe ulikuwa umebadilika.

Hapo ndipo penye somo, na halihusu Marekani peke yake. Mwaka 1953, waandaaji wa mbio za Coronation Safari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika waliyagawa magari kwa bei ya dukani, wakiacha kando ukubwa wa injini. Mwaka uliofuata, D. P. Marwaha na Vic Preston walishinda mbio zote kwa Volkswagen ya kobe. Kule na huku, waandaaji waliuliza swali moja la msingi kabla ya kupuliza kipenga: nani anashindanishwa na nani? Jibu lilipokuwa la haki, mtu wa kipato cha kawaida alijitokeza.

Leo Crosley zina watu wao. Klabu ya wamiliki iliyoanzishwa mwaka 1969 hukutana kila mwaka katika uwanja wa maonesho wa Wauseon, Ohio, ambako mtu anaweza kupata tangu pistoni hadi kioo cha taa. Vigari vya daraja la H vinakimbizwa kwenye mashindano ya magari ya kale, na bei zake zimepanda kiasi kwamba kijana mwenye mshahara wa karani hawezi tena kuvigusa.

Powel Crosley alifariki mwaka 1961. Alikuwa sahihi kuhusu gari, akakosea kuhusu mnunuzi. Alidhani mnyonge anataka gari dogo kwa kuwa hana uwezo wa kupata kubwa, kumbe mnyonge alitaka kubwa lililotumika. Waliotaka dogo, wakalitaka kwa dhati, ni wale waliokuwa na dari ya cc 750 juu ya vichwa vyao na gereji nyuma ya nyumba. Wanaolalamika leo kwamba mbio za magari zimekuwa mchezo wa wenye pesa wana pa kuanzia: wachague injini moja rahisi iliyojaa mayadini, waipe daraja lake, wafunge mlango kwa wanaotaka kununua ushindi, kisha wawaachie mafundi uwanja.